Kusamehewa Msaragambo

Huruma ya watu wa Vudee iliwahi kuninyima kazi, na mpaka leo nikikumbuka hasira hunipanda.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya Same yalijaa sabuni za kila rangi, na mimi, kijana mzima niliyemaliza kidato cha nne, sabuni nilinunuliwa na mama. Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa mdogo, natembelea gongo. Kwa hiyo lilipolia baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wenzangu walibeba majembe kwenda kuzibua mifereji, nami niliambiwa nibaki. Nilibaki miaka yote. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Ndipo wafadhili kutoka Ulaya wakaja kukarabati ndiva, bwawa letu la maji ya kumwagilia. Mtaalamu wao alituhutubia kanisani, akasema mradi unawajali sana walemavu, akaniita mbele nipigwe picha. Nikasimama, maana nilishasikia wanatafuta mtunza stoo wa saruji, machepe na sururu. Kazi ya kukaa, kugawa vifaa na kufunga mlango. Kazi yangu kabisa!

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefuata ile ya stoo, siyo? Haiwezekani, kijana wangu. Tumekubaliana ajira ni za wanaokwenda msaragambo. La sivyo watu wa mjini watapanda huku mlimani watunyang'anye."

"Lakini mzee, si ninyi mlionizuia nisiende?"

"Tulikuhurumia," akasema, kwa sauti ya mtu anayesubiri ahsante.

Nikamfuata mtaalamu. Akajibu kwamba hawezi kuingilia taratibu za wananchi. Picha yangu alikuwa nayo tayari.

Msaragambo uliofuata nilitoka na jembe la mama. Nikaketi ndani ya mfereji, nikaweka gongo pembeni, nikachimba nikiwa nimekaa. Polepole, ndiyo, lakini tope lilitoka. Nilitaka mwenyekiti aone kwa macho yake, akose la kusema.

Watu wakaacha kazi. Akina mama wakaanza kunisikitikia. Mwenyekiti akashuka mferejini, akanitoa jembe mkononi taratibu, kama anavyonyang'anywa mtoto aliyeokota kisu. Nikamfokea. Nikamwambia niacheni nichoke na mimi, nihesabiwe kama wengine! Wakaambiana kwamba jua limenizidi. Vijana wa rika langu wakaninyanyua juu juu, wakanipandisha kilimani hadi nyumbani huku nikiwatukana matusi yote ya Kipare ninayoyajua.

Mama akatoka mlangoni. Akaniona nilivyotapakaa tope, akawashukuru sana, akawakaribisha chai.