Alama za Mwinjuma

Kwa miaka ishirini na miwili Mwinjuma alichonga vinyago pale Mwenge akitazamana na Albano. Yeye Mzaramo wa Tandale, mwenzake Mmakonde wa Newala; kati yao magogo ya mpingo na chupa ya chai. Mwaka jana presha ya macho ilimpofusha Albano kabisa. Binti yake Eufrazia akaja kumchukua, ampeleke kwao Newala. Siku ya safari Mwinjuma hakwenda stendi. Alisema ana kazi ya mteja.

Tangu hapo usingizi ukaanza kumpaa, kichwa kikawa kinamgonga. Zahanati walimpima wakakuta presha iko juu sana. Muuguzi, Shamimu, akampa vidonge, kisha karatasi yenye maswali kumi ya kupima msongo wa mawazo. Kila swali liliuliza alivyojisikia mwezi uliopita, na majibu yalianzia sifuri, yaani kamwe, hadi nne, yaani mara nyingi sana.

Mwinjuma alijaza upesi upesi. Shamimu akajumlisha.

"Alama mbili kati ya arobaini," alisema. "Baba, hata mie sijawahi kupata mbili. Chukua karatasi nyingine, ukaijaze kesho ukiwa kazini. Na usiharakishe, huu si mtihani."

Kesho yake kibandani, baada ya swala ya adhuhuri, alifika swali la sita: ni mara ngapi umehisi huna wa kumweleza lililo moyoni? Akainua kichwa.

"Hili wewe ungejibuje?"

Mama aliyekuwa akiuza kava za simu pale alipozoea kukaa Albano akamgeukia. "Unasemaje, mzee?"

"Hapana, mama. Najisemea tu."

Akazungushia nne. Kisha akarudi swali la kwanza, akakata majibu yote aliyokwisha kuyatoa, akaanza upya.

Aliporudi zahanati, safari hii alama zilifika ishirini na saba.

"Karatasi haitibu," Shamimu alisema. "Inatuonesha tu pa kuanzia kuzungumza. Umefiwa, baba?"

"Hajafa." Mwinjuma alivua kofia, akaipapasa kwa muda. "Sikwenda kumuaga. Niliona nikimuaga, ndio kaondoka kweli."

"Namba yake unayo?"

"Ninayo."

"Basi mpigie leo."

Alipiga akiwa kibandani. Eufrazia akampa baba yake simu. Wazee wote wawili walianza kwa kukohoa.

"Mzaramo," Albano akasema, "nilikusubiri mpaka basi likawaka."

"Najua. Nisamehe, ndugu yangu."

"Unachonga nini?"

"Mama na mtoto. Mpingo wenyewe mgumu."

"Weka simu chini, nisikie."

Mwinjuma akailaza simu juu ya gogo, akashika patasi na nyundo.

"Unagonga kwa hasira," sauti ikatoka. "Legeza mkono, utaupasua."

Akalegeza. Aligonga muda mrefu, machozi yakidondokea vumbi jeusi la mpingo, na kule Newala Albano hakukata simu.

Mwezi uliofuata alama zilishuka hadi kumi na tisa, na presha nayo ikapungua kidogo. Hamu ya kuwa na mwenzake haikupungua, ila sasa aliweza kuitaja bila aibu. Shamimu alipotaka kumwandikia tarehe ya kurudi, alimwomba aisogeze mbele wiki mbili.

"Nakwenda Newala," alisema. "Msimu huu wa korosho kina Eufrazia wote wanashinda shambani, yeye anabaki nyumbani peke yake. Nitakaa naye."