Hita ya Mama Mkwe

Kwanza ieleweke kwamba mimi si fundi umeme. Nimeuza mbegu na dawa za mimea hapa Kilosa kwa miaka mingi, na mtu wa kazi hiyo huzoea kuulizwa maswali. Ukizoea kuulizwa, unazoea kujibu. Ukishazoea kujibu, hujali tena kama unajua.

Nyumba yetu tuliinunua ikiwa na hita ya tangi, lile pipa jeupe linalofungwa ukutani juu ya kichwa cha mwogaji. Lilikuwa limezeeka. Ukiliwasha linanguruma, likipata moto linatema maji yenye kutu, na kabla halijapata moto mtu mwenye haraka ameshakata tamaa na kuoga ya baridi. Mke wangu hakulijali kabisa. Yeye huoga maji ya baridi masika na kiangazi, na husema maji ya moto ni ya wagonjwa na watalii. Mimi nililivumilia, tena nililiheshimu, kwa sababu ya kanuni niliyofundishwa siku ya kwanza kuligusa: washa, subiri, zima, ndipo mtu aingie kuoga. Umeme na maji si vitu vya kuchezea. Kanuni hiyo ilinikaa mwilini kuliko hata sala zangu.

Kisha mama mkwe akaanguka. Alikuwa anaishi peke yake Munisagara, karibu na reli, na magoti yalikuwa yamemsumbua muda mrefu. Alianguka jikoni asubuhi, majirani wakamkuta mchana. Mke wangu aliporudi kutoka kumwona, hakula. Alisema tu, "Mama hawezi tena kulala peke yake kule," halafu akanitazama. Nikasema aje kwetu. Sikusema kwa kulazimishwa. Nilimpenda yule mama, na nampenda mpaka leo. Daktari alikuwa ameshauri aoge maji ya moto kila asubuhi ili magoti yalegee. Shida ni kwamba mama mwenyewe alikubali kuja kwa kujaribu tu. "Nitakaa kidogo nione," alisema. Kuhamia kwa mkwe si jambo jepesi kwa mwanamke wa umri wake, na mke wangu alijua kwamba mama akirudi Munisagara safari hii, siku moja tutapigiwa simu ya msiba.

Siku hizo hizo nililala gesti moja Mikumi kwa ajili ya harusi. Bafuni nikakuta kidude kidogo ukutani, hakina tangi, hakina mngurumo. Unafungulia bomba, maji yanatoka ya moto papo hapo. Nilioga mpaka nikachelewa kanisani. Nilirudi Kilosa nimeokoka, ila si kwa mahubiri.

Fundi akaja. Akateremsha lile pipa la zamani, akavuta waya mnene kutoka kwenye sakiti breka, akafunga hita mpya pamoja na swichi yake yenye taa nyekundu nje ya mlango wa bafu. Muda wote huo mimi ndiye niliyekuwa nikimweleza yeye namna hita hizo zinavyofanya kazi. Kila alipofungua mdomo nilimkatisha. Tulipofungulia bomba mvuke ukapanda, nikampigia makofi, kisha nikajipigia na mimi.

Sasa niseme kidogo juu ya nyumba yenye mama mkwe. Kwetu, mkwe wa kiume haogi kwenye bafu analooga mama mkwe wake. Siku alipoingia, mimi nilihamia bafu la nje, lile la mabati, na ndoo yangu. Wala mkwe hakai ndani kusikiliza maji yakimwagika upande wa pili wa ukuta. Akijua mama anaelekea huko, anakohoa, anachukua kofia, anatoka. Hata neno lenyewe la kuoga halitamkwi mbele yake. Kwa hiyo kila asubuhi niliamka kabla ya wote, nikawasha swichi, taa nyekundu ikawaka, nikangoja kwa subira maji yapate moto. Nikiona muda umetosha, nazima, maana umeme na maji si vitu vya kuchezea. Kisha nasimama ukumbini na kumwambia mke wangu kwa sauti ya kufika chumba cha wageni, "Kule kumekaa vizuri!" Nakohoa, naondoka, naenda kijiwe cha kahawa kuwasimulia wanaume wenzangu jinsi mama mkwe wangu anavyoishi kisasa.

Msomaji mwenye hita kama hiyo nyumbani kwake ameshaanza kucheka. Naomba anisubiri, mimi ilinichukua muda zaidi.

Mama hakulalamika. Mke wangu akimuuliza maji yakoje, jibu lilikuwa lile lile: "Yako vizuri. Mwambie mwenzako ahsante." Nami nikipishana naye ukumbini namwamkia, "Shikamoo mama," ananiitikia, "Marahaba baba," wote wawili tunatazama sakafu, na hata hivyo niliamini naiona shukrani usoni mwake. Alikuwa anatetemeka kidogo. Nikadhani ni uzee.

Jioni moja mke wangu akaja chumbani macho yamemvimba. Mama anataka kuondoka. Jumatatu. Ameshaanza kufunga mizigo.

"Kimemuudhi nini?" nikauliza.

"Hasemi. Anasema amepakumbuka kwake, basi."

Nilikasirika. Nilikasirika kweli kweli, nikazunguka chumba nikitaja mema yangu yote kwa sauti: chumba chenye dirisha kubwa, godoro jipya, hita! Hasa hita. "Watu wanalala gesti Mikumi ndipo waoge vile!" nikasema, kana kwamba mtu alikuwa amebisha. Mke wangu hakubisha. Aligeukia ukutani, nikaona mabega yake yanatikisika. Hasira yangu ikaisha pale pale. Nilikaa ukingoni mwa kitanda na kuogopa, kwa sababu kama mama yake angepatwa na baya kule, machozi haya yangekuwa ndani ya nyumba yetu maisha yetu yote.

Jumapili nilikuwa na safari ya Mikumi. Rafiki yangu mmoja anajenga kule, na nilikuwa nimemsumbua mpaka akaniomba nikamshauri kuhusu hita, kwani nilikuwa nimeshakuwa mshauri. Nilichelewa kuamka. Nikawasha swichi, nikatangaza kwamba kule kumekaa vizuri, nikakimbilia stendi bila hata kunywa chai. Siku ya Jumapili mama hana haraka, huanza na chai na kusali kwanza. Kwa hiyo nilikuwa nimeshafika Mikumi, nimesimama katikati ya bafu lisilo na paa la rafiki yangu, nikimwonyesha kwa kidole mahali pa kupitisha waya, simu ilipoita. Nikaona ni mke wangu. Nikaweka spika, ili rafiki yangu asikie ushuhuda wa watumiaji.

"Baba, umefanya nini na yale maji?"

"Yamefanyaje?"

"Mama kapiga yowe bafuni! Maji ni ya moto!"

"Si ndiyo kazi yake?" nikasema, nikimkonyeza rafiki yangu.

"Anasema ni mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza ya nini?"

"Ya kutoka moto! Tangu amekuja anaoga ya baridi. Leo umefanya nini?"

Nikafikiri. Leo sikufanya kitu. Leo hata kuzima nilisahau.

Nikakaa kwenye rundo la matofali. Hita isiyo na tangi haina pa kuweka maji ya moto. Inayapasha yakiwa yanapita, basi. Ukizima swichi, umezima na moto. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa naiwasha hita wakati mama yuko kitandani, na kuizima alipokuwa akienda kuoga. Na kwa kuwa mkwe haogi bafu lile, na mke wangu hana habari na maji ya moto, hakukuwa na mtu wa kuligundua hilo ila bibi mmoja mwenye magoti mabovu, ambaye heshima ilimziba mdomo. Rafiki yangu alitoka nje kwa adabu, akaenda kuchekea nyuma ya tangi la maji.

Nilirudi Kilosa jioni. Mama alikuwa barazani kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mke wangu pembeni yake. Nikachuchumaa mbali kidogo, nikamwamkia, kisha nikamgeukia mke wangu kama inavyotakiwa. "Mwambie mama nimekosa."

Mama hakungoja kuambiwa.

"Mkwe wangu, mimi nilidhani ndivyo mashine ilivyo," akasema. "Nikaona nikisema ni baridi, utasema umeleta mtu asiyeshukuru. Nikanyamaza. Ila kule kwangu, nikisikia baridi nasema nasikia baridi. Hata kama nasema peke yangu."

Sikuwa na jibu, mimi ambaye sijawahi kukosa jibu. Nilitaka kulia. Tulikuwa tumeheshimiana mpaka mtu mzima akakosa mahali pa kusema anasikia baridi, ndani ya nyumba niliyodhani nimemfungulia. Niliingia ndani nikapita mlango wa chumba chake. Mizigo ilikuwa pale pale, imefungwa kamba. Hakuna aliyethubutu kuiulizia.

Jumatatu asubuhi niliwasha swichi, nikaiacha. Mke wangu alikuwa ametoka kununua maziwa. Nikakohoa, nikachukua kofia. Nilikuwa nimeshika komeo la geti niliposikia sauti kutoka kwenye kidirisha cha bafu.

"Mkwe!"

Nikaganda. Sijawahi kusikia, kwetu wala kwa watu wengine, mama mkwe akimwita mkwe wake kutoka bafuni. Niligeuzia nyumba mgongo, nikakaza macho barabarani. Jirani aliyekuwa anafagia uwanja wake aliacha kufagia.

"Naam, mama!"

"Yananiunguza haya!"

"Fungulia bomba zaidi, mama! Yakitoka kwa wingi yanapoa!"

Maji yakasikika yakiongezeka. Jasho lilikuwa linanitoka kama mimi ndiye niliyeko ndani.

"Sasa je?" nikapaza sauti.

"Sasa yamepoa mno!"

"Rudisha kidogo!"

Mpita njia mmoja mwenye baiskeli alipunguza mwendo, akanitazama ninavyoipigia barabara kelele kuhusu maji. Sikumjali.

"Haya, hapo hapo," mama akasema kutoka ndani. "Na kesho usiende mbali."