Ganzi ya Maksai na Mdomo Wangu

Jumamosi nilishuka basi pale Didia nikiwa nimetoka kung'olewa jino Shinyanga mjini, na nusu ya mdomo wangu bado imekufa ganzi. Kando ya josho, bwana mifugo alikuwa anajiandaa kumshona maksai aliyechanika mdomo kwenye seng'enge. Mwenye maksai, mama mtu mzima, alikuwa ameikamata kamba kwa nguvu. Mvua zilikuwa karibu, naye hakuwa na maksai mwingine wa kulimia.

Nilimwamkia, kisha nikajipa kazi ya kusimamia usalama.

"Hiyo sindano ya ganzi haitampooza?"

Bwana mifugo alichoma, akavuta bomba nyuma kidogo, akatazama. "Damu haijaingia, kwa hiyo siko kwenye mshipa wa damu. Dawa naiweka kando ya mshipa wa fahamu, siuchomi wenyewe. Ikiisha nguvu, mdomo utarudi."

Niliitikia kwa kichwa kama mkaguzi aliyeridhika.

Alipomaliza kushona alisema, "Asile mpaka ganzi iishe. Atajitafuna bila kujua."

Mama akanikaribisha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Nilitafuna, na kwa kuwa sisi watu wa magazeti hatuwezi kumwachia mtu maneno yake, nikarudia agizo kana kwamba ni langu.

"Mama, umesikia? Hata jani asipewe."

"Nimesikia, baba," alijibu, akinitazama kidevuni. "Na hiyo damu ni ya nani?"

Nilijipangusa. Maksai alikuwa amesimama kimya, amefunga mdomo.