51N na 86 zilipowaka kwenye jengo la Kariakoo, na kosa nililolifanya Alhamisi

Wakuu, habari za mihangaiko. Hili limenikuta mwenyewe, na sehemu inayonichafua sitaificha.

Mimi ni fundi umeme, mwanamke. Nahudumia jengo la ghorofa tisa pale Kariakoo. Chini maduka ya vitenge, juu stoo.

Kwa wasiojua: kwenye paneli kubwa za umeme kila kifaa cha ulinzi kina namba yake, na namba hizo utazikuta nchi nyingi tu. 51 maana yake umeme umezidi kiwango kwa muda. Ikiwa 51N, kuna umeme unaovuja kwenda ardhini. 86 ni kufuli: inazuia umeme usirudi mpaka mtu airudishe kwa mkono, akishajua kilichotokea.

Hapo kwenye "akishajua" ndipo nilipoharibu.

Alhamisi jengo lilizima. Nikakuta 51N na 86. Nikachungulia chumba cha paneli, sikuona kitu. Nikazungusha 86, nikawasha. Umeme ukakaa, nikaenda zangu kunywa chai.

Jumamosi saa sita mchana, soko limefurika, likazima tena. Namba zilezile.

Meneja wetu, Bwana Nilesh, mkazi wa Upanga, mtu mpole sana, akashuka. Akanieleza wapangaji wamejaa mlangoni kwake.

"Dada Tatu, rudisha kwanza. Sababu utaitafuta jioni."

Wakuu, mkono wangu ulishafika kwenye swichi. Nikamjibu, "Alhamisi nilirudisha kwanza, bosi. Nipe saa moja."

Akakubali, akapanda kuongea na wapangaji. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Nikazima njia za ghorofa zote, nikapima nyaya za kila ghorofa. Za ghorofa ya tatu zikaonyesha zinavuja.

Huko kuna stoo ya vyombo, anaitunza Mzee Shabani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikauliza kama kuna mtu katoboa ukuta karibuni. Akasema Jumatano walifunga shelfu mpya za chuma.

Halafu akaongeza, kama jambo dogo tu:

"Mwanangu, tangu hapo vidole vinanichonyota nikipanga vyombo. Nimewaambia nyumbani sukari yangu imepanda."

Nikamwambia hiyo si sukari, ni umeme.

Tukashusha shelfu. Bolti moja ilikuwa imepita ndani ya ukuta na kutoboa waya. Shelfu ikiwa nyepesi, bolti inagusa kwa mbali na mzee anachonyotwa. Wakipakia masufuria, inagandamiza, ndipo 51N inakata. Pona yake nadhani ni ndala za mpira alizovaa.

Yaani paneli ilishasema tangu Alhamisi. Aliyeinyamazisha ni mimi.

Nikabadilisha waya, shelfu zikahamishiwa ukuta mwingine, nikapima tena. Saa kumi umeme ukarudi na jengo likaendelea na biashara kama kawaida.

Ningeweza kuondoka. Nikapanda tena ghorofa ya tatu, nikamwambia Mzee Shabani kwamba Alhamisi niliwasha bila kutafuta sababu, na siku zile mbili alizochonyotwa ni juu yangu.

Akajisugua vidole. Nikajua leo natukanwa.

"Mke wangu amenikataza chai ya sukari kwa ajili yako," akasema. "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Akanipa simu. Nikaongea na mama yule, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyie. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jina langu, akashukuru kwamba mumewe ni mzima. Nilishuka ngazi nikifuta machozi.

Nilichojifunza: ile namba ni taarifa, isome mpaka uielewe ndipo uwashe. Na wewe mpangaji, chuma kikikuchonyota, acha kukishika, mwite fundi.

Mafundi mliomo humu, mmewahi kuwasha kwa kushinikizwa? Kilitokea nini? Karibuni, hata wa kunisema aje.