Nusu ya Kitambaa

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa fupi: mimi ni nani hata nimkatalie mtu mtoto wa ukoo wake?

Nililigeuza kila upande. Nilijiambia kwamba kwa desturi mtoto ni wa baba. Nikajijibu kwamba mama ndiye aliyemleta mlangoni kwangu na kuuweka mkono wake ndani ya mkono wangu. Nikajiambia tena kwamba mimi ni msichana wa miaka ishirini na mmoja, nimetoka chuo cha ualimu juzi, sina mume, sina mtoto, na cheti changu bado nimekikunja ndani ya gazeti kwa kuogopa mende. Nikajijibu kwamba mende hawahusiki. Kisha nikaamka kuhakikisha kama nimelifunga komeo la nyumba ya watoto, hatua kumi kutoka chumbani kwangu. Nilikuwa nimelifunga, kama nilivyokuta mara mbili zilizotangulia.

Nyumba hiyo ilikuwa Bwera, kando ya barabara inayoshuka Mpondwe, kwenye mto wa mpaka. Zamani ilikuwa ghala la pamba, na kila mvua iliponyesha kuta zilitoa harufu ya mbegu. Kamati ya wazazi iliifanya mahali pa kulea watoto wadogo, ili akina mama waendao sokoni na shambani wasiwabebe mgongoni kutwa nzima. Tulikuwa na watoto thelathini na kitu, wote chini ya miaka sita, mikeka, sufuria mbili za uji, na watu wazima wawili: mimi, na mama mpishi, ambaye alikuwa amezaa mara tisa na hakuogopa hata radi.

Chuoni nilifundishwa nyimbo, kuhesabu kwa vijiti na kukagua kucha. Hakuna aliyenifundisha habari ya saa kumi jioni, saa ya kumrudisha mtoto. Pale Bwera jambo hilo lilikuwa jepesi. Mtu yeyote wa ukoo akipita akaita, mtoto alisimama akaenda naye. Shangazi, mjomba, jirani wa shangazi. Kumuuliza mtu wa namna hiyo "wewe ni nani?" lilikuwa tusi.

Tena kulikuwa na majina. Kwetu sisi watu wa milima hii mtoto hatafutiwi jina, jina linamngoja. Msichana wa kwanza kwa mama yake ana lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vivyo hivyo. Nyumbani hakuna taabu, maana kila mama ana msichana wa tatu mmoja tu. Lakini wakusanye watoto wa akina mama wengi chini ya paa moja, kisha uite jina la msichana wa tatu. Kwangu walisimama wanne.

Hapo ndipo nilipokosea. Katika mwezi wangu wa pili alifika mwanamke mmoja, nadhifu, mpole, kumchukua mtoto wa kaka yake, akalitaja jina hilo. Nilikuwa nafunga kidonda cha goti la mtoto mwingine. Niliita bila kuinua kichwa, mmoja akakimbilia mlangoni, nikamwambia, "Haya, nenda na shangazi." Shangazi alikuwa hajamwona mtoto wa kaka yake tangu alipokuwa akinyonya. Akampandisha kwenye lori la chumvi, wakaenda zao Katwe.

Mtoto aliyemchukua alikuwa wa mwanamke mwingine kabisa. Mama huyo alipofika jioni, kapu la samaki wakavu kichwani, sikuwa na mtoto wa kumpa. Hakupiga kelele. Alitua kapu, akaingia ndani, akainua mkeka mmoja baada ya mwingine, kana kwamba mtoto wa miaka minne anaweza kujificha chini ya mkeka. Sauti ya mikeka ile ikianguka sijaisahau.

Mtoto alirudi kesho yake mchana na lori lile lile, ameshiba, analamba bonge la chumvi. Yule shangazi alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Soko zima likacheka. "Mwalimu anagawa watoto kama njugu!" waliniambia nilipokwenda kununua sabuni. Mwenyekiti wa kamati yetu, mzee Mwislamu mwenye malori mawili, ndiye aliyetupa mabati ya paa. Yeye pia alitabasamu. "Amepatikana, binti," akasema. "Yamekwisha."

Kwangu hayakuisha. Shangazi yule alikuwa mtu mwema aliyekosea. Mimi nilikuwa nikikoroga uji, nikihesabu vichwa mara tatu kabla ya kula na mara tatu baada ya kula, nikimfikiria yule atakayekuja siku moja akiwa hajakosea, wala si mwema.

Nilimwendea fundi cherehani aliyeshonea barazani mwa duka, nikamwomba mabaki ya vitambaa.

"Unashona nini, mwalimu? Blanketi ya panya?"

"Nashona kufuli."

Alinitazama juu ya miwani yake, akanipa kikapu kizima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi mtoto alipoletwa, nilichukua kipande cha kitambaa nikakichana katikati. Nusu moja niliishona kwa nyuzi mbili tatu kifuani mwa mtoto, nusu ya pili nikampa aliyemleta. Jioni anayemtaka mtoto aonyeshe nusu yake, niziweke pamoja nione kama nyuzi zinakubaliana. Sikutumia mkasi, kwa sababu mkasi hukata vyote sawasawa, lakini kitambaa kilichochanwa kwa mkono hakifanani na kingine. Wiki ya kwanza akina mama walinicheka. Wiki ya pili walianza kunikumbusha nikisahau. Wanaume hawakupenda. Mmoja aliniuliza kama mtoto wake ni baiskeli.

Na baada ya hapo yakaja yale ya mama wa samaki, yule aliyeinua mikeka. Asubuhi moja alimleta binti yake, akachukua nusu yake, ya buluu yenye madoa ya manjano, akaifunga kwenye pindo la lesu kiunoni. Hakuondoka. Alikuwa mtu wa mpakani, na alisema Kiswahili cha kule.

"Mwalimu, baba yake iko Kasese, ku reli. Kesi yetu haiyaisha ku korti ya gombolola. Yeye anataka kumuvusha mutoto ng'ambo ya mto sasa, nisimuone tena. Usimupe mutu. Hata akisema iko nani."

Kisha alilishusha kidogo gauni la mtoto begani. Palikuwa na alama ya mkanda.

Jioni ile ile, watoto wote walipokwisha kwenda, dereva wa mwenyekiti alipitia kwangu. "Mzee anakusalimu. Kesho saa tisa anakuja mwenyewe kumchukua yule mtoto wa mama wa samaki. Baba yake ni rafiki yake. Umwandae."

Ndiyo sababu nililala macho wazi.

Asubuhi, nikichana kipande kingine cha kitambaa kile cha buluu, nilimweleza mama wa samaki kila kitu. Nilitumaini, naona haya kuandika, kwamba atamchukua binti yake aende naye sokoni, niondokewe na mzigo. Alifikiri kidogo, akamsukuma mtoto ndani taratibu.

"Soko haina mulango," alisema. "Hapa iko mulango."

Basi nikawa mlango.

Mzee alifika saa tisa kamili, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, dereva nyuma yake. Nilipiga goti kumsalimu, kama inavyopasa. Halafu nikainuka nikasimama katikati ya kizingiti.

"Watoto hawajambo, binti?"

"Hawajambo, mzee."

"Alhamdulillahi. Nimekuja kumchukua mwana wetu. Lori inangoja."

"Kitambaa, mzee?"

Dereva aliguna kicheko. Mzee akamgeukia, kicheko kikakatika.

"Kitambaa? Mimi? Hilo paa juu ya kichwa chako unajua lilitoka wapi?"

"Lilitoka kwako, mzee. Tunashukuru, hatunyeshewi."

"Sasa?"

"Sasa kitambaa."

Mama mpishi alitokea nyuma yangu, mwiko mkononi. "Mzee, usimkasirikie. Huyu juzi alininyima mjukuu wangu mwenyewe, na mimi napika naye chungu kimoja! Nikarudi nyumbani kutafuta kile kitambaa, nikakuta mbuzi anakitafuna."

"Ukafanyaje?" dereva aliuliza, ameshindwa kujizuia.

"Nilileta mbuzi."

Wanawake waliokuwa wakipita na mizigo walikuwa wameanza kusimama. Mzee hakutaka kuchekwa barabarani. Aliinua sauti juu ya bega langu, akaliita jina la msichana wa tatu, kwa mamlaka, kama mtu aliyezoea kuitikiwa.

Wakasimama wanne.

Aliwatazama. Nikaona, na wote waliokuwapo wakaona, kwamba hakumjua. Alikuwa amekuja kumchukua mtoto ambaye hakuwahi kumwona usoni. Mimi niliyatazama makaa ya jikoni, kwa maana najijua, macho yangu husema kabla ya mdomo. Mzee akanyoosha fimbo kwa mmoja wao.

"Huyo wa katekista!" mama mpishi akapaza sauti. "Mkivuka naye mto, Jumapili kanisa lote liko mlangoni kwako!"

Akina mama wakaangua kicheko. Yule mwenyewe, wa kitambaa cha buluu, hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kile kitambaa kifuani, kama mtu anayezuia kisipeperuke.

"Niambie ni yupi," mzee akasema, sasa kwa sauti ya chini.

"Sikuambii, mzee."

"Mtoto ni wa baba. Utabishana na desturi, wewe wa jana?"

Usiku kucha nilikuwa nimetayarisha jibu refu lenye sehemu tatu. Lote likanitoka. "Kesi iko gombolola," nikasema. "Ikiamuliwa ni wa baba, basi ni wa baba. Lakini haitaamuliwa hapa mlangoni, tena mama yake akiwa sokoni. Mliponiajiri mliniambia niwalinde watoto, mzee. Hamkunitajia watu ambao nisiwalinde dhidi yao."

Aliishusha fimbo yake. Sikumchukia, na sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoa neno lake kwa rafiki, na msichana mdogo alikuwa amesimama juu ya neno hilo.

"Kesho asubuhi ulete ufunguo nyumbani kwangu," alisema. Akaondoka. Dereva alibaki, ameegemea ukuta ng'ambo ya barabara.

Mama wa samaki alifika kabla ya saa kumi, anakimbia, habari zimekwisha kumfikia sokoni. Wanawake walimpisha. Alinyoosha mikono kwa mtoto, na mtoto akanyoosha mikono kwake, na mimi bado nilikuwa nimesimama katikati.

"Kitambaa, mama."

Walinizomea. "We mwalimu! Huyu si mama yake? Una moyo wa namna gani?" Nilijua ni mama yake. Ningemjua hata gizani, kwa harufu ya samaki. Lakini dereva alikuwa akitazama, na kama ningempa mtoto bila kitambaa, jioni ile mzee angeambiwa kwamba sheria ya mwalimu ni ya wale asiowapenda. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na sikusogea.

Yeye peke yake hakukasirika. Alikaa chini palepale, akafungua fundo la lesu kwa meno, akatoa nusu yake, imelowa jasho, ina magamba mawili ya samaki. Niliiweka kifuani mwa mtoto. Madoa ya manjano yakakutana, nyuzi zikakubaliana. Nikasogea.

Asubuhi niliamka kabla ya jogoo, nikakaa kitandani na ufunguo mkononi. Kichwani niliandika barua ya kuomba radhi, nikaichana, nikaandika ya kujiuzulu, nikaichana nayo. Niliwaza mama yangu atasema nini nikirudi nyumbani na sanduku. Niliwaza mwalimu mwingine atakayewekwa hapo, mtiifu kuliko mimi, anayeita jina bila kuinua kichwa. Nililiwaza hilo muda mrefu kuliko mengine.

Nje nikasikia mtoto anakohoa, na mama yake akimwambia nyamaza, mwalimu amelala. Kukawa na miguu mingine, na mingine. Nyumba ya mzee ilikuwa kushoto, juu ya kilima, taa yake bado inawaka. Kama aliutaka ufunguo, ingempasa aje kuuchukua mwenyewe, mchana, mbele ya akina mama wote.

Nikatoka, nikauingiza ufunguo mlangoni mwa nyumba ya watoto, nikafungua. Nikachukua kikapu cha fundi, nikaketi kizingitini, nikamvuta karibu mtoto wa kwanza. Nikachana.