Daipa Kavu Inayonuka Mkojo

Mjukuu wangu alirudi kutoka kituo cha kulelea watoto amevaa daipa kavu, na hiyo daipa kavu ilikuwa inanuka mkojo.

Someni tena hapo. Kavu. Inanuka.

Mimi shule niliishia la saba, ila vitendawili navipenda tangu sijajua kuandika jina langu. Hiki kilinishinda. Mtoto akikojoa, daipa inavimba. Asipokojoa, hainuki. Sasa hii ilikojolewa na nani?

Nikaivua, nikaisogeza puani. Najua mmekunja sura. Na mimi niliikunja.

Ulikuwa mkojo wa siku nyingi, uliolala ukaiva. Ndani kulikuwa na vidonge vigumu kama chumvi iliyoshikana, na katikati doa la manjano lenye ukingo wa kahawia.

Chini ya daipa hiyo ndiyo kulikuwa na balaa lenyewe. Makalio ya mtoto yamebabuka, mekundu, ngozi inajimenya kama nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Nilipomgusa kwa pamba yenye maji alilia mpaka sauti ikakatika.

Tunamwita Kibonge. Hata kutambaa hajui vizuri.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Binti yangu anauza viatu dukani, anasimama kutwa. Mume wake ni fundi rangi, na msimu wa mvua nani anapaka nyumba yake rangi? Nyumbani kwao kila kitu kinapimwa. Sabuni inapimwa, gesi inapimwa, hata dawa ya meno inakamuliwa kwa kubanwa na mlango. Ndiyo nikaja kuwasaidia kulea.

Siku ya kwanza tu tukavaana kwa sababu ya nepi.

"Nunua nepi za vitambaa, mwanangu," nikamwambia. "Unanunua mara moja, unafua, unaanika, na mdogo wake akija atazikuta."

"Nani afue, Mama? Mimi nikifika hapa miguu imevimba."

"Mimi si nipo?"

"Na ukiondoka? Halafu kituo hawapokei nepi. Ndiyo sheria yao. Wanataka daipa."

"Sheria ya nani hiyo?"

"Mama, naomba tuishie hapo."

Mkwe wangu alikuwa anachokoa rangi kwenye kucha. Akacheka chinichini. "Mama, hiyo kesi mimi nilishashindwa. Usihangaike kukata rufaa."

Tukapatana shingo upande. Akiwa nyumbani, nepi, na mfuaji ni mimi. Akienda kituoni, daipa.

Sitawadanganya, nepi siyo manukato. Unakwangua kwanza mavi chooni kwa kijiko kilichostaafu. Unaloweka, maji yanakuwa kama mchuzi uliochacha. Ukifikicha yanakurukia, na siku zote yanatafuta mdomo. Nimefulia watoto wangu wote na mpaka leo natapika kimoyomoyo. Daipa nayo ina yake. Unaikunja vizuri, unaitupa kwenye pipa, na baada ya siku mbili pipa linakupokea ukiwa bado nje ya geti.

Hapo hakuna msafi. Unachagua uchafu utakaouweza.

Basi makalio ya Kibonge yakaanza kuwasha, yakageuka upele, upele ukageuka vidonda. Binti akasema ni sabuni yangu ya kufulia nepi. Mimi nikasema ni daipa zake. Tukawa tunatupiana mtoto kama mpira.

Asubuhi moja tukampeleka zahanati, muuguzi akamgeuza, akavuta pumzi. "Mnambadilisha kweli huyu? Hivi vidonda vikiingia wadudu tutamlaza. Na nikimlaza nitawauliza maswali mengine."

Binti yangu akatazama sakafu.

Tukitoka hapo akampeleka kituoni, na ni jioni ya siku hiyohiyo alipomrudisha na ile daipa kavu. Nilipomwonyesha, alininyang'anya. "Mama, lazima kila kitu ukinuse?" Akaitosa kwenye pipa, akaingia chumbani.

Nikasema moyoni, haya. Kesho kituoni nampeleka mimi.

Kituo chenyewe ni nyumba ya vyumba viwili, mlango wa buluu uliochubuka, mkeka wa plastiki kutoka ukuta hadi ukuta. Mwenye kituo wote wanamwita Anti. Mwanamke mnene, ana mtoto huku ana mtoto kule, na aproni yenye historia ya kila kilichotoka midomoni mwa hao watoto.

"Karibu, Mama. Leo tumetembelewa."

"Nimekuja kukaa na wenzangu," nikasema. "Umri wetu unakaribiana, wote meno hatuna."

Akacheka, akaenda kuchemsha maziwa. Mimi nikaketi mkekani. Wale wakubwa wakubwa, wa kuongea, wakanizunguka. Mnajua nilichofanya.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina mgeni hanywi chai wala soda. Akinywa anavimba, akivimba anatupwa."

"Puto," akasema mmoja.

"Mbu," akasema mwingine.

Kulikuwa na kabinti kamoja kembamba, nywele zimesokotwa nne, mdomo haulali. Hako wenzake wanakaita Kidomo. Kakanitazama kama mwalimu anayesahihisha.

"Ni daipa. Lakini umekosea, Bibi. Hatupwi."

"Eti? Anafanywaje?"

"Anaanikwa. Akikauka anakunywa tena."

Watoto wengine wakaitikia kwa vichwa, kama wanaambiwa maji yana unyevu.

Nikainuka. Magoti yalilia, nikayaambia yanyamaze. Nikapita jikoni, nikasukuma mlango wa uani.

Jamani.

Kamba ilikuwa imefungwa toka nguzo hadi nguzo, na juu yake daipa zimebanwa kwa vibanio, zimepanuliwa mabawa kama samaki waliopasuliwa. Nyingine zimepasuka, ute wao umemwagika na kukauka juu ya saruji, unang'aa kama kamasi. Nzi wamejipanga. Na jua linavyopiga, ile harufu inapanda wima, inaingia puani, inashuka mpaka kwenye kifungua kinywa chako.

Kwenye kamba hiyohiyo, katikati ya daipa na daipa, vilianikwa vitambaa vya kufutia watoto midomo.

Nilitapika. Sikutapika kimoyomoyo.

Nikiwa nimeinama hivyo nikaona kila daipa ina alama ya kalamu mbele. Nyota. Samaki. Mwavuli. Chungwa.

"Mama, huku si pa wageni." Anti alikuwa mlangoni, sufuria mkononi.

"Wewe mwanamke una roho?" nikamwambia. "Wazazi wanakuletea daipa mpya, wewe unazificha unauza, watoto wa watu unawavika mikojo ya jana?"

Aliweka sufuria chini polepole.

"Mama, chungwa ni la Kibonge. Naziwekea alama ili mtoto asivae ya mwenzake. Angalau hilo."

"Angalau nini? Naita watu."

"Waite. Ila kabla hujaita, muulize mwanao daipa anazoleta ni ngapi."

Nikajifuta mdomo.

"Analeta moja. Mtoto anashinda hapa kutwa na daipa moja. Ni yeye aliyeniambia, zile za mkojo mtupu usitupe Anti, zianike zipigwe jua. Nilimkatalia. Akalia hapo unaposimama."

Nikakalia ndoo iliyogeuzwa.

"Kwa nini asilete nepi?" nikauliza. "Si sheria yako inakataza?"

"Sheria ipi? Mimi sijawahi kumkataza mtu nepi. Yeye mwanzoni alileta. Siku moja pale mlangoni mama mmoja akamwambia, shoga, mtoto umemfunga kitambaa cha meza? Wakacheka. Tangu hapo hakuzileta tena."

Nikatazama kamba. Chungwa, sawa. Lakini nyota? Samaki? Mwavuli?

"Na hawa wengine?"

Anti akapangusa jasho kwa pindo la aproni. "Hao nao wameninong'oneza. Kila mmoja kwa siku yake. Kila mmoja kaniapisha nisimwambie mtu."

Hapo ndipo kinyaa changu kilipogeuka kikawa hasira. Nikachukua beseni, nikapita na kamba yote, nikabandua daipa moja baada ya nyingine kwa ncha za vidole. Zilikuwa ngumu kama makaratasi yaliyolowa yakakauka. Nikaliweka beseni mlangoni, nikavuta kiti, nikakaa kusubiri jioni.

"Mama, utanifungia kituo," Anti akasema.

"Nakifungua," nikamjibu. "Kilikuwa kimefungwa."

Jioni akina mama wakaanza kufika. Wa kwanza alikuwa na miwani mikubwa na marashi yanayotangulia mtu. Baadaye niliambiwa huyo ndiye wa kitambaa cha meza. Akaona beseni, akaziba pua.

"Mungu wangu, nini hiki?"

"Ni mali za watu, mwanangu," nikasema. "Ya kwako ina alama gani?"

"Yangu? Bibi, mimi mwanangu havai vitu hivyo."

Kidomo akatokea chini ya mkono wangu, akamkumbatia mapajani. Mama yake. Kumbe ni mama yake.

"Ya mdogo wangu ni nyota," kakasema. "Mama, mwambie."

Sijawahi kuona marashi yakiisha nguvu haraka namna ile. Wengine walikuwa wameshafika nyuma yake, na binti yangu katikati yao, viatu vya kazini mkononi. Kila mmoja alitafuta pa kuweka macho, na kila mahali kulikuwa na macho ya mwenzake.

Dada mmoja mwenye sare za usafi akasema taratibu, kama anajiuliza mwenyewe, "Kwani na nyie?"

Halafu mmoja akaanza kucheka, kile kicheko kinachokaribia kilio, na mwingine akalia moja kwa moja.

"Mimi nilidhani ni mimi tu," akasema mama wa nyota. Miwani ilikuwa imeingia ukungu. Akamgeukia binti yangu. "Siku ile nilikucheka ili asiwepo mtu wa kuangalia mkoba wangu. Ndani yake kulikuwa na daipa iliyokunjwa ivaliwe mara ya pili."

Binti yangu alinipita, akaenda kumwinua Kibonge, akambeba kifudifudi ili makalio yasiguse kitu.

Tukatembea mpaka kwenye taa za dukani.

"Nilijua zinanuka, Mama," akasema. "Nilikuwa nabana pumzi nikimvalisha kule kwa Anti asubuhi. Nikishamaliza namfunika kwa suruali nzuri."

"Na ukaniachia nibishane na wewe habari za sabuni."

"Ningekuambiaje? Nilishajisifu kwamba nepi ni mambo ya kizamani."

Nilitaka kumchapa. Nilitaka kumbeba. Nikamchukulia mkoba.

Sasa wale mtakaoniandikia hapa chini kuniuliza, Bibi, kipi bora, nepi au daipa, nawajibu nilichowajibu akina mama wale. Jua linakausha mkojo, haliuondoi. Ule uchungu wote unabaki mle ndani unamsubiri mtoto. Kama una uwezo wa kuitupa daipa ikilowa, mvalishe, na usisikilize wazee kama mimi. Kama huna uwezo wa kuitupa, basi hiyo siyo daipa tena, ni nepi isiyofulika. Rudi kwenye ile inayofulika, usiombe ruhusa ya mtu.

Na wewe unayecheka mtoto wa mwenzio mlangoni, tunajua unaficha nini mkobani.

Siku hizi kituoni kuna ndoo yenye mfuniko, na nepi zinaondoka nyumbani kwa kila mtu zikiwa zimekunjwa bila kufichwa. Wanaoweza daipa wanaleta, ikilowa inakwenda pipani. Mama wa nyota alileta sabuni ya kipande kikubwa, akaiweka mezani kwa Anti, akaondoka bila neno. Binti yangu na yeye bado wanasalimiana kwa mbali.

Makalio ya Kibonge yamepona, yamerudi kuwa mikate miwili laini. Pua yangu ndiyo haijapona. Nikinywa maziwa yaliyochemshwa naiona kamba ile, nayaweka chini.

Nawaacha, nina nepi zimelowekwa tangu asubuhi na maji yameshaanza kubadilika rangi. Kinyaa kiko palepale. Nakwenda kufua.