Nilivyomfungasha Dada Mueni kwa Herufi Moja

Mtanicheka, basi chekeni mkiwa mmekaa.

Shangazi yangu ni mpishi wa tajiri mmoja wa Riyadh, na likizo ile nilimfuata mpaka shambani kwa bosi wake, nje ya mji. Vita na nchi jirani vilikuwa vinanukia. Mabwana walijilaza kwenye mito, kipanga wao kando, wakisogeza tende kwenye sinia na kuziita majeshi. Jeshi lililoshindwa lililiwa.

Mimi, msomi kutoka Jeddah, nikatega sikio nyuma ya pazia. Bosi akasema, "Huruub. Kesho au keshokutwa."

Nikakimbilia jikoni kwa Dada Mueni, yaya wao Mkenya. "Dada, bosi anakuandikia huruub."

Mwiko ukamtoka mkononi. Huruub ni ripoti kwamba mfanyakazi katoroka. Ikama, kibali chako cha kuishi nchini, inakufa, jela inakungoja.

"Na hata geti sijavuka!"

"Ndiyo uvuke sasa," nikamshauri, wakili mzima.

Tulipofika getini na begi, mabwana nao wakatokea, wanakwenda kumrusha kipanga. Bosi akauliza tunakwenda wapi. Nikamweleza kwa Kiarabu changu ninachokisifu mwenyewe.

Akacheka mpaka akachuchumaa. "Binti, mimi nilisema huruub kwa h ya kooni. Vita. Shuleni unasoma nini?"

Nikamtafsiria Dada Mueni huku nikitazama viatu vyangu. Akalikalia begi lake, akashusha pumzi.

"Kumbe ni vita tu. Asante Mungu."

Bosi akataka kujua kasema nini. Nikamwambia Kiarabu changu hakifiki huko.